Vilimi vya Akordeoni Yetu

Nakumbuka siku moja, hapa Kalemie, enzi za Zaire, nilisema ndiyo mahali nilipopaswa kusema hapana. Nilikubali akordeoni yetu ing'olewe vilimi vyake vya chuma, vile vitoavyo sauti, ili kufufua akordeoni kubwa ya korali, kwaya yetu.

Mwanangu, uijue kwanza hiyo yetu. Ilikuwa ya bei ndogo, ya wanaoanza kujifunza, imevuka ziwa kutoka Kigoma katika furushi la mchuuzi. Ilivuja upepo kwenye pembe za mvukuto, na vibonyezo viligonga kama meno ya mwenye homa. Watu walicheka. Mimi na mdogo wangu Feza tuliziba pembe kwa kitambaa na gundi ya fundi viatu. Chini ya vibonyezo tuliweka vipande vya blanketi kuukuu, kelele ikaisha. Nta ya ndani ilikuwa imepasuka, tukavishika vilimi upya kwa nta ya nyuki kutoka Nyunzu. Ngozi laini ya kuzuia upepo, Feza aliikata kwenye sakoshi yake, mkoba wa kwendea kanisani, na hakuwa na mwingine. Tulipomaliza, mimi nikipiga na yeye akiimba, arusi za kando ya ziwa zilituita sisi.

Ndipo ikatangazwa kwamba mkubwa fulani anakuja kutoka Kinshasa, na kila korali lazima imwimbie. Mwenyekiti wa korali yetu, Papa Mulongo, akaja nyumbani, akaniita raia kama ilivyoamriwa siku zile.

"Sitoyen, mugeni tutamupigia hii kitu ya batoto? Tutoe vilimi vyake, tutie mu ile kubwa."

Feza, aliyeniita Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akadakia, "Papa, ile yenu njo kubwa, lakini ni bubu. Hii yetu inaimba. Yaya, kataa!"

Papa Mulongo akacheka. "Mutoto mwanamuke anajua nini mambo ya Serikali?" Kisha akanigeukia mimi. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

Mwanangu, methali nzuri ikitoka kinywani mwa anayetaka kitu chako, ipime mara mbili. Mimi sikuipima. Nilitaka kuonekana mbele ya watu, nimevaa abakosti ya kuazima, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, chombo kikubwa kifuani. Nikachukua bisibisi mwenyewe, Feza akitazama.

Vilimi vyetu havikuenea. Tukavipiga tupa, tukavilazimisha, vikakatika. Siku ya mgeni korali iliimba kwa ngoma tu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza akordeoni iko wapi.

Basi sikia. Kitu ulichokiokoa kwa mikono yako, usikibomoe ili mkubwa apendezwe. Wakikuita mchoyo, wakuite. Wakisema chako ni cha watoto, kipige kwa nguvu zaidi, wasikie mpaka Kabimba. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mwenye cheo akija na maneno matamu, mwambie hapana, na usiombe radhi kwa hapana yako. Nalisema wazi, na mwenyekiti yeyote na anisikie.

Mungu akujalie shingo ngumu mbele ya wakubwa na moyo laini kwa watu wa nyumbani mwako. Mimi niliyageuza hayo mawili. Tangu siku ile Feza hakuimba nami tena, hata kwenye arusi yangu, na amekufa hivyo.