Ada ya Mgeni wa Kwanza

Semina ya Iringa ilichukua siku tatu zenye chakula kizuri, tukarudi Mbeya tukiwa watu wa kimataifa. Chuo chetu kingeanza kusajili wanafunzi wa nje. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kubadilishana tamaduni. Sababu yenyewe ni kwamba mgeni hulipa kwa dola, tena mara tatu ya mwenyeji. Mimi, kwa kuwa nina shahada mbili na tai moja, nilipewa dawati la wageni.

Nilikaa wiki nyingi bila mgeni. Kisha akaja binti kutoka Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, akisindikizwa na shangazi yake anayeuza mchele katika soko la Mwanjelwa. Watu wa kingo zote mbili za mto ule wameoana tangu zamani. Binti akapiga goti, akanisalimia: "Mugonile." Kinyakyusa chake kilikuwa safi kuliko changu. Nikamjibu kwa Kiingereza, maana ndivyo semina ilivyotufundisha kupokea wageni.

Alitaka kusomea ualimu wa hisabati, na vyeti vyake vilikuwa vizuri mno. Nilipowaonyesha ada, akaanza kuvikusanya taratibu, kimoja kimoja. Nilijua akitoka mlangoni harudi. Shangazi hakuinuka. Aliuliza wamekuja wangapi kabla yao. Nikakiri kwamba hakuna.

"Kwa hiyo mwanangu ndiye anawafungulia biashara," alisema. "Mwalimu, mteja wa kwanza unamfukuza kwa bei? Kwetu sokoni ukifanya hivyo, unashinda na mzigo wako mpaka jioni."

Nikaanza kumweleza kuwa elimu si mchele. Akaniangalia kwa huruma, akauliza basi hizo dola ni za nini.

Nikawapeleka kwa mkurugenzi wetu, mtu mkali, nikitegemea atatutimua wote watatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kumbe mama yake aliuza ndizi Tukuyu maisha yake yote. Alijua mteja wa asubuhi haachwi aondoke mikono mitupu. Akaandika pembeni mwa fomu: ada ya mwenyeji, miaka yote mitatu. Kisha akaomba picha ya binti kwa ajili ya bango la kuvutia wageni wengine, ambao, alisisitiza, watalipa dola.

"Picha ina bei yake," alisema shangazi. "Mpeni na chumba bwenini."

Akapewa. Godoro nililibeba mimi mpaka ghorofa ya tatu, shangazi nyuma yangu akinikumbusha nisiliburuze.