Kufuta Zizi la Baba

Baba alipofariki, kaka yangu alinipigia simu kutoka Usevya. "Dada, mzee hayupo tena, futa zizi lake kwenye hiyo programu yako." Nilikuwa Mpanda mjini, laptop iko mbele yangu.

Programu niliiandika mwenyewe kwa ajili ya mifugo yetu. Mwanzoni niliweka ng'ombe ndani ya zizi kama viazi ndani ya gunia. Ukifuta zizi, na ng'ombe nao wanafutika. Baba alinicheka. Sisi Wasukuma huwa tunagawa ng'ombe kwa marafiki wawatunze, ugonjwa usije ukawamaliza wote pamoja.

"Wengine wanalala Kasansa, wengine Kasokola," alisema, "lakini wote ni zizi langu."

Nikaandika upya. Kila ng'ombe akasimama peke yake, na zizi la Baba likabaki orodha tu ya majina ya kuwaitia.

Lakini sasa, kidole kikiwa kwenye kitufe cha kufuta, nikajiuliza: je, nilibadilisha kila mahali? Yule ng'ombe mwekundu wa pembe iliyovunjika akipotea humu, nani atajua yuko kwa nani? Aliyejua ni Baba.

Nikabonyeza. Zizi likatoweka. Nikawatafuta ng'ombe mmoja mmoja, na wote walikuwepo. Ila kila niliyemfungua, programu iliniuliza swali nililoliandika kwa mkono wangu kwa ajili ya ng'ombe asiye na zizi: huyu ni wa nani?

Nikafunga laptop haraka, kabla haijaniuliza na mimi ni wa nani.