Njia Niliyosema Haina Mwenyewe

Wapimaji wa viwanja walipokuja mtaani kwetu Kunduchi, mie ndiye niliyewatembeza, maana nilijenga hapa kabla ya wote. Kwenye kichochoro cha kwenda zahanati wakaniuliza, "Mzee, hapa pa nani?" Nikawajibu kwa sauti, "Hii njia bwana, haina mwenyewe!" Wakaandika hivyo hivyo.

Mwaka huu jirani yangu kaomba kibali cha ujenzi, na ukuta wake umeziba njia yote. Mke wangu ana kidonda mguuni. Sasa kwenda kusafishwa anazunguka mpaka barabara ya lami, anachechemea. Nilipomfuata jirani, akacheka. "Shikamoo mzee. Si wewe ulisema haina mwenyewe? Basi imempata."

Wiki nzima sikukaa kitako. Mwishowe nikaenda ofisi ya mtaa kuweka pingamizi. "Andika njia ni ya wote," nikamwambia karani.

"Wote ndio kina nani, mzee wangu? Niletee majina na sahihi."

Mie mtaa huu sijawahi kumwomba mtu kitu, hata chumvi. Jioni ile nilipiga hodi nyumba ya kwanza, karatasi mkononi, nikaomba.