Lusiola Aliyoipanda Mama

Nilipokuwa mtoto kule Maragoli, mwanamke aliweza kulima, kupasua kuni na kubeba mawe ya kujengea, na hakuna aliyemzuia. Kazi moja tu alikatazwa, tena nyepesi kuliko zote: kupanda mti. Mke akipanda mti, tuliambiwa, mumewe atakufa. Kwa nini? Hatukuuliza. Nani angethubutu kumuuliza guku, mama yake Baba, swali kama hilo?

Mlima wetu ulikuwa umeshakatwa msitu wote ukabaki mawe, na kuni tulizifuata mbali hadi shingo zikatuuma. Baba alifanya kazi Kisumu, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mama alimwomba apande miti nyuma ya jiko. Akasema atapanda, atapanda. Misimu ya mvua ikaja ikapita. Basi siku moja Mama akachukua jembe, akapanda mche wa lusiola mwenyewe, mchana kweupe.

Guku alitoka nje, akashika mdomo.

"Mke wa mwanangu, umefanya nini?"

"Nimepanda kuni, Mama."

"Hizo si kuni. Umemchimbia mwanangu kaburi."

Mti ulikuwa umenifika kifuani Baba alipoletwa nyumbani akiwa na homa, na homa hiyo haikumwacha. Matanga hayajaisha, ndugu zake wakaung'oa mti ule na mizizi yake. Mama alisimama mlangoni pa jiko. Shuleni watoto wakanitania kwamba mama yangu ameua mtu kwa mche. Nami niliona aibu, si kwa sababu walimsingizia, bali kwa sababu niliamini. Nikaacha kuandamana naye sokoni, nikisingizia kazi ya shule. Ee Mungu wangu, mtoto anaweza kuwa mkatili jamani!

Sasa mimi ni mtu mzima. Nafanya kazi za nyumbani hapa Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, na mume wangu ni dereva kule Riyadh. Nimemaliza kidato cha nne, naenda kanisani, na ukiniuliza nitakwambia mambo ya guku ni ya kale. Haya, sikia. Mwaka wangu wa pili hapa, madam alinunua miche ya mwarobaini. "Yalla, panda," akaniambia, akinionyesha ukutani. Nikasema mgongo unaniuma. Akanitazama, akavaa glavu, akapanda kwa mikono yake. Wiki nzima iliyofuata kazi yangu ilikuwa kumchunguza bosi, mumewe. Akikohoa, moyo unanilipuka. Akichelewa kurudi, nasema halas, basi, ameenda. Na yule bwana akazidi kunenepa tu!

Nilijionea aibu, lakini hiyo ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuja Ijumaa moja Mama aliponipigia simu. Akina mama wa kijijini walikuwa wameunda kikundi cha kurudisha msitu mlimani, miti ya kienyeji ile ile iliyokatwa. Sauti yake ilikuwa ya msichana.

"Mmbone, leo nimepanda lusiola mpaka mikono ikakataa."

"Mama! Na watu wanasemaje?"

"Waseme nini? Sina mume mwingine wa kuua."

Akacheka. Nikacheka naye.

"Sasa sikia," akaendelea. "Wenye mabinti huko mbali tunawapandia kila mmoja mti wake, uwe wa jina lake. Kesho nikupandie wako?"

Kusema "ndiyo" kulikuwa neno moja tu. Lakini mti wa jina langu ni kama nimeupanda mimi, na akilini nilimwona mume wangu kwenye barabara za Riyadh, magari yanapita kama wazimu. Nikanyamaza. Si kwa muda mrefu, lakini Mama ni Mama.

"Aa," akasema polepole. "Kumbe hata wewe."

"Hapana, Mama, sivyo hivyo..."

"Miaka yote hii nilijiambia, wacha waseme. Mmbone wangu hajaamini."

Nikamwambia panda, Mama, panda hata kumi, nakusihi. Akasema sawa mwanangu, kwa upole ule anaotumia na wageni, kisha akaniuliza kama nimekula. Tukaagana. Sijui kama aliupanda. Tumeongea mara nyingi tangu siku hiyo, naye hunieleza habari za kikundi, ila mti wangu hautaji, na mimi sina uso wa kuuliza.

Baba aliuawa na homa. Najua hivyo, ningekula kiapo mbele ya mtu yeyote. Lakini Mama hakutaka kiapo. Alitaka nijibu bila kufikiri, na mimi nikafikiri.