Aliyeshusha Mabati Akanunua Taipureta

Asubuhi hii, kwenye baraza la duka la Shaban karibu na soko la Tabora, wanaotazama ni wengi kuliko wanaosubiri huduma. Kuluthumu Nassibu anapachika karatasi, anazungusha rola, na vidole vinaanza kukimbia. Ile kelele ya mashine ya zamani, kama ya nyundo, waliyoizoea wapita njia haipo tena. Mashine inanong'ona kama rasharasha juu ya nyasi.

"Ndiyo hiyo iliyokula nyumba?" anauliza mwanamke mwenye kikapu cha matembele, hata salamu hakutoa.

"Ndiyo yenyewe, dada. Sogea uione, haing'ati."

Watu wanacheka, lakini ukiwatazama usoni, mshangao bado haujawatoka. Mtu mzima, mwenye akili zake, ameshusha mabati ya nyumba yake kule mtaa wa Ng'ambo, akayauza, akanunua taipureta! Tena ni mke wa Twalibu, fundi bati anayewaezekea wengine.

Kuluthumu ana miaka arobaini na sita. Kupiga taipu alifundishwa na mtawa mmoja, Sista Josepha, enzi mama yake alipokuwa akipeleka mboga misheni ya Kipalapala. Tangu wakati wa mkoloni anawapigia watu barua na maombi, kila ukurasa shilingi moja na nusu.

"Zamani kazi nyingi zilikuwa za Kiingereza," anasema. "Tukapata Uhuru, kazi zikaja kwa Kiswahili, nikafurahi. Kidole ndicho hakikufurahi."

Anainua mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho kimepinda, fundo lake limetuna kama punje ya karanga.

"Aliyeunda mashine hizi hakutufikiria sisi. Herufi a kaitupa mwisho kabisa, chini ya kidole hiki kinyonge. Sasa wewe sema 'wanachama wa kijiji cha Ujamaa'. Umezisikia hizo a?"

Mwaka huu wa 1974, watu wakihamia vijijini kwa maelfu, mihtasari na matangazo yamemiminika. Mashine yake ya zamani ilikuwa ngumu kama ardhi ya kiangazi. Ikafika mahali hawezi hata kukamua nguo. Mganga wa zahanati akamwambia aache kazi. "Nikamuuliza, niache nile nini, bwana mganga?"

Ndipo mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akifunga duka akatangaza kuuza taipureta ya Kijerumani, laini, karibu mpya. Bei yake shilingi mia tisa. Za kawaida zilipatikana kwa mia mbili.

Shaban, mwenye baraza, alimsihi sana. "Nilimwambia, dada yangu, ya mia mbili na ya mia tisa zote zinaandika a ile ile! Akanijibu kwamba karatasi haiumwi."

Akiba ya Kuluthumu ilifika nusu ya bei. Twalibu alikuwa Kaliua akiezeka ghala. Kuluthumu akamwita seremala, na kabla ya adhuhuri paa likawa juu ya mkokoteni.

Twalibu aliporudi na treni alisimama uani, begi mkononi, akitazama kuta zilizoachama mbinguni.

"Nani kafa?" aliuliza. "Tumeungua?"

"Hapana, baba. Ni mimi."

Aliposikia habari yote, hakupiga kelele. Aligeuka, akaenda kulala kwa kaka yake, na siku zikapita.

Pigo jingine likaja na kazi ya kwanza kubwa. Masolwa, katibu wa kijiji kimoja upande wa Puge, alileta tangazo la mkutano wa kugawa mashamba. Kuluthumu aliipiga stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, kwa nguvu zilezile za mashine ya zamani. Mashine laini haitaki ugomvi. Kila o ilitoboka, na nakala zikatoka na madoa meusi matupu.

"Shikamoo mama," Masolwa alisema, ameshika nakala kwa ncha za vidole. "Hili tangazo limeugua ndui."

"Hebu fikiria," Kuluthumu anasimulia. "Nyumba nimeivua, mume kahama, na mashine nayo inanikana."

Aliirudia kazi ile kwa gharama yake. Kisha akakaa na karatasi chakavu, akajifunza upya kugusa, "kama unavyogusa utosi wa mtoto mchanga."

Siku moja Twalibu alipitia nyumbani kuchukua mkasi wake wa bati. Alimkuta mkewe anafua, akiikamua kanga kwa mikono yote miwili mpaka tone la mwisho. Akasimama.

"Kidole kinakubali?"

"Si unaona mwenyewe."

Twalibu aliuweka mkasi chini. Alichukua mundu akaenda kukata nyasi. Mtaa ukashtuka kwa mara ya pili: fundi bati kaezeka kwake kwa nyasi!

Je, mashine ile inastahili bei yake? Kuluthumu hapambi maneno. "Mwenye barua moja kwa wiki asithubutu, hicho ni kiburi. Mimi kidole ndicho jembe langu. Jembe la mpini mbovu linalima, lakini linalima na kiganja chako."

Mpango wao ni kurudisha mabati kidogo kidogo, na chumba cha kulala kwanza, kabla ya mvua za mwakani. Za mwaka huu ziko mlangoni. Wingu zito limeanza kupanda, na Kuluthumu anaifunika mashine kwa kofia inayong'aa, yenye kishikio na tumbuu ya kutilia kufuli.

Imetokana na bati la paa lake lililokataliwa na mnunuzi kwa sababu lilikuwa na kutu pembeni. Twalibu alilikata, akalikunja, akaliacha mezani bila maelezo.

Mwanamke wa matembele bado yupo. "Makubwa haya! Mashine inalala chini ya bati, wewe chini ya nyasi?"

Kuluthumu anaigonga kofia ile kwa kidole chake kilichopinda.

"Mabati yameanza kurudi, dada. Yameanzia hapa."