Kofia ya Kamera Isiyopitisha Unga

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, maegesho ya magari kando ya bustani ya Hail, jijini Muscat, bado ni kimya. Priscah amechuchumaa nyuma ya gari la studio, anaivisha kamera yake kofia.

Kofia kweli, si utani. Ina maua ya uzi wa bluu na dhahabu kama zile wanazovaa wanaume wa Muscat na wa Unguja, ila hii imeshonwa kama mkono wa shati, na ina lastiki huku na huku. Anaipitisha juu ya lenzi, anaivuta hadi kwenye kamera yenyewe, kisha anazungusha tepu pale lastiki inapoishia. Mbele anafunga kioo cha kinga.

"Nikishafunga hivi, sifungui mpaka nirudi studioni Hamriya," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Hata nani aniombe. Hata wewe."

Leo ni mbio za rangi. Baada ya muda mfupi mamia ya watu watakimbia ufukweni huku wakirushiwa wanga wa mahindi uliotiwa rangi, laini kuliko poda ya mtoto. Kwa mkimbiaji ni raha tupu. Kwa lenzi ni balaa, maana kila mpiga picha anapovuta picha karibu, lenzi inarefuka na kunyonya hewa, na hewa inaingia na unga.

Na leo Priscah hana nafasi ya kukosea. Yaqoob, mwenye studio, amemwambia waziwazi: lenzi nyingine ikiingia unga, kazi za nje basi. Atarudi ndani kupiga picha za pasipoti.

Anayedhani hilo ni jambo dogo hajawahi kupiga picha za pasipoti. Priscah, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, alitoka Kitale nchini Kenya akijua kamera vizuri, akawekwa kwenye kile chumba chenye pazia jeupe.

"Miaka mitatu napiga picha watu wamenuna," anasema. "Usicheke, inua kidevu, funga mdomo. Siku nzima. Nikifika nyumbani hata uso wangu umekauka. Siku nilipotumwa nje mara ya kwanza, kwenye mbio kama hizi, nililia nikiwa nyuma ya kamera. Watu walikuwa wanacheka, na hakuna mtu wa kuwakataza."

Mtu pekee aliyewahi kumkaidi ndani ya chumba kile ni Bi Masouda, mshona kofia wa Al Amerat. Alikuja kupiga picha ya pasipoti kwa ajili ya safari ya kwao Unguja. Priscah akamwambia, "Bibi, tafadhali usicheke."

"N'sicheke kwani n'na msiba?" bibi akajibu, na akacheka zaidi. Picha ilirudiwa mpaka foleni ikaanza kunung'unika, ndipo akakubali kununa. Tangu siku hiyo wakawa marafiki, mmoja na Kiswahili chake cha bara, mwingine na cha visiwani, kila mmoja akimcheka mwenzake.

Priscah ndiye aliyemwomba amshonee kifuniko cha lenzi. Zamani alikuwa akifunga mfuko wa nailoni, ukipiga kelele kwa upepo na kuteleza. Bi Masouda akaishika lenzi, akaizungushia utepe wa kupimia, akasema hicho ni kichwa kama vichwa vingine.

Kifuniko cha kwanza kilikuwa kizuri mno, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Bi Masouda alishona kama anavyoshona siku zote, na kofia ya Kiomani ina vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, kichwa kipate hewa. Halikumjia wazo la kuviondoa. Na Priscah, aliyetekwa na yale maua, halikumjia wazo la kuuliza.

Katikati ya mbio za Novemba, lenzi ilianza kukwaruza ikizungushwa. Picha zikaanza kutoka na ukungu wa waridi. Fundi aliifungua akakuta unga hadi ndani kabisa. Lenzi mpya ya aina hiyo ni karibu mishahara mitatu ya Priscah. Ilisafishwa, ikapona, lakini Yaqoob hakupona haraka.

Priscah hakumwambia bibi. Alidai lenzi imezeeka tu. "Ningemwambiaje? Alikuwa amenishonea bure, na kwa mapenzi."

Ila Bi Masouda alikichukua kifuniko akifue. Alipokigeuza ndani nje, akaona kuzunguka kila kitundu pana doa la waridi. Hapo hakuhitaji kuambiwa na mtu.

"N'likaa kitandani n'kakitazama," anasimulia. "N'kamwambia, mwanangu, n'mekushonea chujio la chai, nawe umenyamaza! N'na miaka mingapi nashona, nami najisifu. Siku ile n'liona haya, wallahi."

Hakukubali kushona kofia bila vitundu. Hiyo kwake si kofia. Alichofanya ni kuchukua mwavuli alionunua Unguja wakati wa masika, ambao Muscat umekaa kabatini bila kazi, akaukata. Sasa nje ni kofia yenye vitundu vyake vyote, na ndani ni kitambaa cha mwavuli ambacho sindano haikukigusa ila ukingoni tu.

"Vitundu vipo," anasema Priscah, "lakini haviendi popote."

Mbio zinaanza. Wingu la kijani linapanda, halafu la manjano, na Priscah anaingia humo humo akiwa amepiga goti. Kijana mmoja wa waandalizi anamkimbilia, anamtaka abadilishe lenzi ili apige jukwaa kwa mbali. Priscah anatikisa kichwa na kulifuata jukwaa kwa miguu. Pembeni, kwenye kiti cha kukunja, Bi Masouda anatazama kazi yake kwa wasiwasi, mpaka watoto wanampitia na kumwachia rangi ya bluu usoni. Priscah anageuka kwa wakati na kubonyeza.

Mwandishi wa makala haya aliondoka Hail akiwa na sikio la kijani.

Huko Hamriya, studioni, hakuna anayecheka. Priscah anapangusa nje kwa brashi laini, anapuliza kwa pampu ndogo ya mpira. Kwa mdomo hapulizi kamwe. Mate yakikutana na unga, anasema, unapata uji. Anabandua tepu. Anavua kofia.

Yaqoob anaichukua lenzi. Anaizungusha, anaiweka karibu na sikio, anaizungusha tena. Bi Masouda ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Kimya," anasema Yaqoob. "Haina hata chembe."

Priscah anakaa chini, palepale sakafuni, na kujifunika uso. Akiinuka macho ni mekundu, na anatabasamu.

Picha ya kwanza kwenye kompyuta ni ya bibi mwenye pua ya bluu, kinywa wazi, kila chembe ya unga shavuni ikionekana moja moja. Yaqoob anaitazama, halafu anatangaza kwamba wiki ijayo kuna mbio za farasi Seeb, vumbi tupu, na studio imeombwa mpiga picha.

"Nitaenda mimi," anasema Priscah kabla Yaqoob hajamaliza. "Na baada ya farasi, ngamia. Nataka niwapige picha watu wakiwa na furaha yao mpaka nizeeke."

Bi Masouda tayari ametoa utepe wake, anapima lenzi ndefu ya kabatini na kulalamika kwamba huyu ana kichwa kikubwa. Priscah anachapisha ile picha na kuibandika ukutani, katikati ya safu za nyuso za pasipoti zilizonuna.

Bibi anaisogelea, anaitazama.

"Mie ndo huyu," anasema. "Yule wa kwenye pasipoti simjui."