Kidole cha Mama Émérence

Tangu usichana wake Mama Émérence anaanika ndakala, samaki wadogo wa ziwa, kwenye mchanga, pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Mume wake, Florent, aligongwa na lori la mfanyabiashara mmoja kwenye barabara ya Nyunzu, akafa palepale. Mfanyabiashara alikubali mbele ya tribunali kumlipa mjane, na pesa zipitie kwa wakili wa mama, Maître Cyrille. Sasa ni miaka miwili. Kila mara mama alipokwenda biro, ofisini kwa Maître, aliambiwa hazijatoka, arudi mwezi ujao. Naye hakwenda mikono mitupu: alimpelekea wakili ndakala za kukaanga, kumshukuru kwa taabu yake.

Kaburi la Florent lilibaki udongo. Alisema atalijengea pesa zikitoka.

Tarehe ya kwanza ya mwezi wa nane, siku watu wote wanaposafisha makaburi ya wazazi, alikuwa analima majani pale. Papa Ignace, karani mzee wa yule mfanyabiashara, akasimama karibu naye.

"Mama, pesa zote zile, hata mfuko mmoja wa sementi ulikushinda?"

Mama alicheka, akidhani anataniwa. Papa Ignace hakucheka. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe alizipeleka kwa Maître mwaka jana, na Maître akasaini mbele yake.

Jioni ile mama alikuja kwangu, kwa sababu sisi ni majirani na mimi ndiye humsomea barua. Niliuliza kwa karani wa tribunali. Alinielekeza: msigombane na Maître, msimwachie karatasi za asili za tribunali, mama asiweke kidole kwenye karatasi yake yoyote, mwandikieni batonie, mkubwa wa mawakili wote. Tulipiga fotokopi. Niliandika plenti, yaani mashtaka yetu, polepole, mara tatu, hadi ikasomeka. Papa Ignace aliahidi kuja kusema aliyoyaona.

Jumatatu asubuhi tuliipeleka. Saa nane mchana Maître Cyrille alikuja mchangani, yeye ambaye hajawahi kufika, na viatu vyake vyeusi. Alikuwa na karatasi moja na kibweta cha wino.

"Mama, furahi, pesa zimefika. Weka kidole hapa, kesho upite biro."

Nilisoma juu ya bega lake. Karatasi ilisema mama alikwisha kupokea zote, mwaka jana. Nilikohoa tu. Mama akaniangalia, kisha akainua mkono wa kulia. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Nimejikata na kisu, Maître."

"Unacho cha kushoto."

"Cha kushoto kilienda kwa batonie asubuhi." Akamwonyesha. Wino ulikuwa haujatoka.

Maître aliikunja karatasi taratibu sana. Hakukasirika. Aliuliza kama watoto wa mama bado wanapita njia ya reli wakienda sokoni. Halafu akauliza nani aliandika plenti.

"Ni mimi, Maître," nikasema.

Akaniuliza jina, nikamwambia. Akaliandika nyuma ya karatasi ile, akaaga kwa heshima.

Alipopotea, mama alifungua kitambaa. Hakukuwa na kidonda.

Batonie ametuita sisi wote Alhamisi, yaani kesho. Watoto wa mama wanalala kwangu. Simu ya Papa Ignace haiiti tangu juzi, na nyumbani kwake mlango umefungwa kwa nje.